Kidole, Kitufe na Wakati

Alfajiri, mitumbwi iliyokesha ikivua dagaa inaporejea Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, mtu aliyesimama ufukweni huweza kuona jambo lenye maana katika sayansi. Kule kwenye maji mengi mpiga kasia huvuta kwa nguvu, wala hahitaji uangalifu mkubwa. Akikaribia nchi kavu hupunguza nguvu, hutazama, hugeuza kidogo kushoto, hugeuza kidogo kulia, hata chombo chake kiingie penye nafasi kati ya vyombo vingine. Nafasi ikiwa pana, kazi hiyo ya mwisho huwa nyepesi. Ikiwa finyu, mita chache zilizobaki humchukua muda mrefu.

Baadaye, kwenye ufukwe huo huo, mnunuzi wa dagaa hutoa simu mfukoni ili amlipe mvuvi. Kidole gumba chake huondoka pembeni mwa kioo, husafiri sentimita chache, na kutua juu ya kitufe. Safari hiyo aghalabu haifiki sekunde moja, lakini hufuata mwendo ule ule wa mtumbwi: mwanzo wa kasi na mwisho wa uangalifu. Kidole kikitua pembeni kidogo, tarakimu moja hubadilika, na fedha huweza kwenda kwa mtu asiyehusika. Hapo mwenye kidole ndiye anayelaumiwa. Huambiwa kwamba ana haraka, au mzee, au hajui mitambo.

Sayansi huuliza kwanza swali jingine. Je, kitufe chenyewe kilikuwa na upana gani, nacho kilikuwa mbali kiasi gani? Swali hili lina jibu la hesabu. Wakati ambao mkono utatumia kuifikia shabaha waweza kukadiriwa hata kabla mkono haujaanza kwenda, na hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa shule ya sekondari aliyekwisha kujifunza logarithi.

MAKOSA YA MARUBANI

Aliyeweka msingi wa elimu hii ni Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi katika maabara ya jeshi la anga la nchi yake. Mwaka 1947 yeye na mwenzake Richard Jones walitoa uchunguzi wa makosa 460 yaliyofanywa na marubani katika kutumia mitambo ya kuendeshea ndege. Kwa desturi makosa ya namna hiyo yaliitwa makosa ya rubani, na shauri likaishia hapo.

Fitts na Jones waligundua kwamba mengi ya makosa hayo hayakutokea ovyo ovyo, bali yalifuata utaratibu. Rubani alishika wenzo mmoja akidhani ni mwingine kwa kuwa nyenzo hizo zilifanana, au zilikaa jirani mno, au zilihamishwa mahali kutoka aina moja ya ndege hadi nyingine. Kumkaripia rubani hakungeondoa sababu hizo. Dawa ilikuwa kuutengeneza upya mtambo ili ulingane na maumbile ya mwanadamu. Baadaye Fitts aliutafuta uwezo wa mkono wenyewe na kuupima.

JARIBIO LA MWAKA 1954

Mwaka 1954, akiwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Fitts alitoa matokeo ya jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi sana tangu hapo. Vijana 16 wa chuo, wote wanaotumia mkono wa kulia, walipewa kalamu ya chuma na kutakiwa kugusa vibamba viwili vya chuma kwa zamu, kushoto na kulia, upesi kadiri wawezavyo bila ya kukosa. Fitts alibadilisha umbali kati ya vibamba mara nne, na upana wa vibamba mara nne, hivyo akapata hali 16 tofauti.

Baadhi ya matokeo yake, baada ya inchi kugeuzwa kuwa milimita, ni haya:

Umbali 51, upana 6.4: sekunde 0.392
Umbali 102, upana 12.7: sekunde 0.372
Umbali 203, upana 25.4: sekunde 0.357
Umbali 406, upana 50.8: sekunde 0.388

Mwanafunzi na ayatazame matokeo hayo kwa makini. Umbali wa mwisho ni mara nane ya ule wa kwanza, lakini wakati ni karibu ule ule. Tofauti kubwa kabisa kati ya nyakati hizo nne ni sekunde 0.035 tu. Sababu ni kwamba kila umbali ulipoongezwa mara mbili, upana nao uliongezwa mara mbili. Kinyume chake, umbali ulipobaki milimita 406 na upana ukapunguzwa kutoka 50.8 hadi 6.4, wakati ulipanda kutoka sekunde 0.388 hadi 0.731.

Basi kinachotawala wakati si umbali peke yake, wala si upana peke yake. Ni uwiano wa umbali na upana. Shabaha iliyo mbali lakini pana, na shabaha iliyo karibu lakini nyembamba, huweza kuwa na ugumu sawa.

KWA NINI LOGARITHI

Namna rahisi ya kuifahamu kanuni hii ni kuurudia mtumbwi. Ichukuliwe kwamba mkono uko umbali wa milimita 64 kutoka katikati ya kitufe, na kwamba kila rekebisho la mwendo hupunguza umbali uliobaki kwa nusu. Rekebisho la kwanza litaacha milimita 32, la pili 16, la tatu 8, la nne 4. Ikiwa kitufe kina upana wa milimita 8, basi kutoka katikati hadi ukingo wake ni milimita 4, na mkono umekwisha kufika. Marekebisho manne yametosha. Kitufe kikiwa na upana wa milimita 4 tu, rekebisho la tano litahitajika. Kikiwa na upana wa milimita 16, marekebisho matatu yatatosha.

Kuhesabu ni mara ngapi kitu kigawanywe kwa nusu ni kutafuta logarithi kwa kizio cha 2. Ikiwa U ni umbali hadi katikati ya shabaha, P ni upana wake kwa upande ule ule ambao mkono unakwenda, na G ni ugumu, basi:

G = log₂ (2U ÷ P)

Kipimo cha ugumu huu ni biti, neno ambalo Fitts alilichukua katika nadharia ya habari iliyotolewa na Claude Shannon mwaka 1948. Wakati W unaohitajika hupatikana hivi:

W = a + bG

Huu ni mlinganyo wa mstari mnyofu. Herufi a ni wakati usiotegemea ugumu, na b ni mteremko wa mstari, yaani wakati unaoongezeka kwa kila biti. Katika jaribio la Fitts, a ilikuwa takriban sekunde 0.013, na b takriban sekunde 0.095. Kwa ugumu wa biti 4 kanuni inatoa sekunde 0.393, nayo si mbali na vipimo vinne vilivyotajwa. Kwa biti 7, ambao ndio ugumu wa shabaha ya milimita 6.4 iliyo umbali wa 406, kanuni inatoa sekunde 0.678, hali kipimo chenyewe kilikuwa 0.731. Kwa hiyo makadirio ni mazuri lakini si kamili, hasa kwenye ncha za mstari. Hata habari ile ya kugawa kwa nusu ni kielelezo tu cha kuisaidia akili, kwa kuwa marekebisho ya mkono wa kweli hayana vipimo sawa hivyo.

KUTOKA KIPANYA HADI KIDOLE

Wakati Fitts anafanya jaribio lake, kompyuta zilizokuwapo zilikuwa chache, na nyingi kati yake hazikuwa na kioo cha kumwezesha mtu kuelekeza kitu. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa na Douglas Engelbart na William English katika miaka ya 1960. Mwaka 1978, English huyo huyo pamoja na Stuart Card na Betty Burr, wakiwa watafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, walilinganisha kipanya na vifaa vingine, vikiwamo fimbo ya kuelekezea na vitufe vya kusogeza alama hatua kwa hatua. Kipanya kilikuwa cha upesi zaidi na chenye makosa machache zaidi. Jambo la maana zaidi ni kwamba mteremko wa mstari wake ulikaribia ule wa mkono mtupu. Yaani kilichobaki kuwa kikomo hakikuwa kifaa, bali jicho na mkono wa mwanadamu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1981, Xerox ilitoa sokoni kompyuta iliyoitwa Star, yenye kipanya.

Kioo cha kuguswa kimeleta mashaka mapya. Alama ya kipanya huweza kuwa na ncha kali kama sindano, lakini kidole ni kinene, nacho hufunika kile kile kinacholengwa. Tena alama ya kipanya husimama ikifika kwenye ukingo wa kioo, kwa hiyo kitufe kilicho ukingoni ni kama kina upana usio na mwisho. Kidole hakizuiliwi na ukingo, bali huupita na kuanguka nje ya simu. Mwaka 2013, Xiaojun Bi, Yang Li na Shumin Zhai walionyesha kwamba kanuni ya asili haitoshi kwa vitufe vidogo vinavyoguswa kwa kidole, kwa sababu kidole kina kutokuwa sahihi kwake chenyewe, ambako hakuondoki hata mtu akienda polepole. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Parhi, Karlson na Bederson walikuwa wamewapima watu wanaotumia simu kwa mkono mmoja, na kupendekeza kwamba kitufe cha kuguswa kwa kidole gumba kisipungue milimita 9.2. Kipimo hicho mwanafunzi anaweza kukihakikisha kwa rula juu ya simu yoyote.

SIMU MISITUNI KIGOMA

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya maabara za mbali. Lakini mkoa wa Kigoma una mfano wake wenyewe. Karibu na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mahali ambapo Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mtu mwaka 1960, taasisi yenye jina lake imekuwa ikishirikiana na vijiji katika kutunza misitu. Mradi wa TACARE ulianza mwaka 1994. Baadaye, katika miaka ya 2010, walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao walitumia simu na vibao vya kuguswa vyenye programu iitwayo Open Data Kit, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington. Mlinzi alitembea msituni, na alipoona kiota cha sokwe mtu, mtego, kisiki kipya au tanuri la mkaa, alichagua jibu linalofaa juu ya kioo, akapiga picha, na chombo kikaandika mahali penyewe kwa msaada wa setilaiti. Kumbukumbu hizo zilipokusanywa ziliwekwa katika ramani.

Yafaa kuyafikiri mazingira ya kazi hiyo. Jua ni kali na kioo hakionekani vizuri. Mkono una jasho na vumbi. Mtu amesimama kwenye mteremko. Ikiwa neno "mtego" na neno "kiota" yamepangwa katika mistari myembamba iliyobanana, kidole kikiteleza milimita chache tu kitaweka mtego mahali palipo na kiota. Ramani haitajua kwamba kidole kiliteleza. Itaonyesha jambo lisilokuwapo, na wenye kijiji watafanya uamuzi kwa kulitegemea.

Programu hiyo ina mpango unaofaa kutazamwa na mwanafunzi wa kanuni ya Fitts. Kwa kawaida huonyesha swali moja tu kwa wakati mmoja, na ili kwenda kwenye swali linalofuata mtu huweza kuburuta kidole kwenye kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Swali likiwa peke yake, majibu hupata nafasi ya kuwa mapana. Na mburuto hauhitaji kutua juu ya kitufe chochote, bali kioo kizima ni shabaha. Kwa lugha ya kanuni, P imekuwa kubwa na G imekuwa ndogo. Gharama yake ni kwamba mtu hupitia kurasa nyingi zaidi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mtengenezaji hana budi kuifanya: mwendo mmoja mgumu, au miendo kadhaa iliyo myepesi.

JARIBIO LA DARASANI

Kanuni hii yaweza kuhakikishwa katika shule yoyote, iwe Ujiji mjini au katika kijiji cha pwani kisichokuwa na umeme. Vinavyohitajika ni karatasi, rula, penseli, na saa yenye mshale wa sekunde.

Wanafunzi wachore kwenye karatasi mistatili miwili iliyosimama sambamba. Umbali upimwe kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Katika karatasi ya kwanza umbali uwe sentimita 16 na upana sentimita 4, ambapo ugumu ni biti 3. Katika ya pili umbali uwe 16 na upana 2, biti 4. Katika ya tatu umbali uwe 16 na upana 1, biti 5. Mwanafunzi mmoja aguse mistatili kwa zamu kwa penseli muda wa sekunde 15, upesi awezavyo bila ya kutoka nje. Mwenzake aangalie saa, na wa tatu ahesabu alama. Sekunde 15 zikigawanywa kwa idadi ya miguso, hupatikana wakati wa mwendo mmoja. Kila karatasi irudiwe mara tatu na wastani utafutwe. Alama zilizo nje ya mistatili zihesabiwe pia. Zikiwa nyingi, mwanafunzi apunguze kasi na kuanza tena.

Kisha ichorwe grafu. Ugumu uwekwe kwenye mhimili wa mlalo na wakati kwenye mhimili wa wima. Nukta tatu zitaelekea kukaa karibu na mstari mnyofu, na kutoka mstari huo a na b zitasomwa.

Sehemu iliyo bora inafuata. Kabla ya kugusa tena, wanafunzi waandike kwenye daftari makadirio ya karatasi mbili mpya. Ya kwanza iwe na umbali wa sentimita 8 na upana wa 1, ambapo ugumu ni biti 4. Ya pili iwe na umbali wa 16 na upana wa nusu sentimita, ambapo ugumu ni biti 6. Baada ya kuandika, ndipo wapime. Kanuni ya sayansi haithibitiki kwa kueleza yaliyokwisha kutokea tu, bali kwa kutabiri yatakayotokea na kujiweka katika hatari ya kukosea. Mwalimu anaweza kuongeza jaribio kwa mkono usiozoea kuandika, au kwa mtu mzima wa makamo, ili darasa lione kwamba umbo la mstari hubaki lakini mteremko hubadilika.

MIPAKA YA KANUNI

Kanuni ya Fitts hupima safari ya mkono tu. Haielezi muda wa kusoma, wa kufikiri, wala wa kuchagua. Mwaka 1952 W. E. Hick alionyesha kwamba muda wa kuchagua nao huongezeka kwa logarithi kadiri chaguo zinavyoongezeka, na hiyo ni hesabu ya pili inayojumlishwa na ya kwanza. Mlinganyo wa asili nao una dosari: shabaha ikiwa karibu mno na mkono, ugumu huweza kuwa namba hasi, jambo lisilo na maana. Ndiyo sababu watafiti wengi siku hizi hutumia umbo lililopendekezwa na Scott MacKenzie, G = log₂ (U ÷ P + 1), ambalo halishuki chini ya sifuri.

Tena kioo cha simu ni kidogo, na vitufe vyote haviwezi kuwa vikubwa. Mtengenezaji hulazimika kuchagua. Kilicho muhimu na kinachotumika mara nyingi kipewe upana na kiwekwe karibu na kidole gumba. Kilicho cha hatari, kama vile kufuta kumbukumbu, chafaa kitengwe mbali ili kifikiwe kwa makusudi tu. Hivyo kanuni hutumika kwa pande mbili, kurahisisha jambo jema na kulizuia lile linalodhuru.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila biti huonekana kuwa kitu kidogo sana. Lakini katika mkono wa mzee unaotetemeka, au wa mvuvi aliye ndani ya mtumbwi unaotikiswa na mawimbi, biti moja iliyozidi huweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kufika na kukosa. Wanafunzi wa leo katika Kigoma na kwingineko ndio watakaotengeneza programu za kesho za soko, zahanati na shule. Yawapasa kukumbuka funzo la marubani wa mwaka 1947. Watu wengi wakikosea mahali pamoja, rula iwekwe kwanza juu ya kitufe, ndipo lawama zifikiriwe.